Kishale kinarukia baada ya nukta tatu, maandishi yanahamia kifungu kingine (Emacs, Org mode)

Mkaushaji
Wakuu, naombeni msaada. Naandaa mpangilio wa ripoti kuhusu wakaushaji wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Natumia Emacs 27 (programu ya kuandikia) na Org mode (sehemu yake ya kupanga maandishi kwa vichwa vinavyokunjwa), laptop ya mtumba. Sehemu yenyewe iko hivi (nyota ni alama ya kichwa, mbili ni ngazi ya pili):

\* Ukaushaji
\*\* Kwenye mchanga
\*\* Kwenye chanja

Nikikunja "Ukaushaji" unabaki mstari mmoja wenye nukta tatu mwishoni. Nikibonyeza kitufe cha End ili niongeze maneno kwenye kichwa, kishale kinakaa baada ya zile nukta. Naandika, maneno yanaonekana vizuri pale pale kwenye mstari. Nikikunjua kwa Tab, kichwa kiko vilevile na maneno yangu nayakuta chini kabisa, yamegandana na aya ya mwisho ya "Kwenye chanja". Kishale nacho kimeshuka huko huko. Sijabonyeza mshale wa chini hata kidogo. Ni virusi, kibodi, au nini?

Baba Nyegezi
Hamia Word mkuu, maisha mafupi.

Usiku_wa_Giza
Baba Nyegezi huwa hakosi 😂 Mkaushaji, kibodi yako nzima. Org haijafupisha kitu, imeficha tu. Nukta tatu zinasimama badala ya maandishi yote yaliyofichwa, kuanzia mwisho wa kichwa hadi herufi ya mwisho ya kifungu cha mwisho. Ni kama wavu uliokunjwa: ncha mbili unaziona zimekutana, kumbe katikati kuna mita kibao. Kishale kikiwa kabla ya nukta, uko kwenye kichwa. Kikiwa baada ya nukta, umeshavuka "mchanga" na "chanja" zote, uko mwisho wa aya ya mwisho. Kwa jicho ni mstari mmoja, kwa faili ni sehemu mbili zilizo mbali. Ndiyo maana maneno "yameshuka". Hayakushuka, uliyaandika huko huko.

Dawa: bonyeza Alt na x, andika customize-variable, kisha jina hili: org-special-ctrl-a/e. Iwashe, hifadhi. Kuanzia hapo End (au Ctrl na e) inaishia kwenye kichwa, haivuki nukta. Ctrl na a nayo itakupeleka kwanza baada ya zile nyota, ukirudia ndipo inafika mwanzo kabisa wa mstari. Mimi napenda hivyo, wengine inawaudhi.

Mkaushaji
Ahsante sana mkuu, End sasa inatii. Ila mshale wa kulia bado unavuka.

Usiku_wa_Giza
Utavuka tu, mpangilio ule hauugusi mshale. Hapo weka ulinzi mwingine: org-catch-invisible-edits, uipe thamani ya show-and-error. Ukijaribu kuhariri mahali palipofichwa, inakufunulia kwanza na kukataa badiliko, unaona ulipo kabla ya kuharibu.

Dada wa Ukerewe
Naongezea kwa wenye toleo jipya: tangu Org 9.6, inayokuja na Emacs 29, jina limekuwa org-fold-catch-invisible-edits, na chaguo-msingi ni smart. Kwa Emacs 27 ya kaka hapo juu, chaguo-msingi ni kuzima, ndiyo maana hakuonywa.

Halafu kaka, kama lengo ni kuongeza kichwa kipya baada ya "Ukaushaji", usihangaike na End kabisa. Ctrl na Enter inaweka kichwa kipya cha ngazi ileile baada ya kila kilichomo ndani, hata kama umekunja. Mimi mipangilio yangu yote naijenga hivyo, naandika vichwa kwanza, nyama baadaye.

Baba Nyegezi
Sawa, nimekaa kimya. Swali la kweli sasa: Ctrl na k kwenye kichwa kilichokunjwa inafuta nini?

Dada wa Ukerewe
Kishale kikiwa mwanzo wa mstari, inafuta kichwa pamoja na vyote vilivyofichwa nyuma yake, shikamoo 😅 Ctrl na / inarudisha, lakini kwa mstari mmoja unaoonekana mtu hawezi kujua kama amefuta maneno mawili au kurasa kumi. Kuna org-ctrl-k-protect-subtree. Ukiiwasha inakuuliza kwanza. Ukiipa thamani ya error inakataa kabisa.

Baba Nyegezi
Marahaba mwanangu. Kumbe nanyi mna mambo yenu. Kwenye Word ningeshafuta na kulala.

Mkaushaji
Nimeweka zote tatu, hiyo ya mwisho nimeipa error. Nimekunjua faili lote kwa Shift na Tab nikague: aya ya bei ya gunia nimeikuta chini ya "Kwenye chanja", na ya mvua za masika ipo hapo hapo, zimeungana bila hata nafasi. Nazirudisha kwao sasa hivi. Dada, ukiwa na kichwa cha ngazi ya pili na unataka kukipandisha juu ya mwenzake bila kukata na kubandika, inawezekana?

Dada wa Ukerewe
Alt na mshale wa juu, kishale kikiwa kwenye kichwa chenyewe. Kinahama na vyote vilivyomo.