Naomba ushauri: siku nne Mwanza nikiwa na mama mzee na watoto wawili

Mkazi wa Temeke:
Ndugu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Mwezi wa sita, shule zikifungwa, nitasafiri kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza pamoja na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, na wanangu wa miaka 9 na 12. Tutakaa siku nne, kisha tuendelee Bukoba kwa ndugu. Watoto wanachozungumzia ni kuogelea ziwani tu. Je, ni salama? Na kwenda Bukoba, tupande meli au basi?

Mzawa wa Kirumba:
Marahaba, mdogo wangu, na karibu Mwanza. Kuhusu kuogelea nakusihi usiwaruhusu, hata utakapowaona watoto wa hapa wakijitosa bila wasiwasi. Kichocho kipo ziwani, na vimelea vyake, vinavyotoka kwenye konokono wa majini, hupenya kwenye ngozi bila mtu kusikia maumivu, hasa pale kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia na yenye majani, ambapo ndipo mtoto hupenda kuchezea. Wakiponyoka wakaingia, wapeleke kupimwa wiki sita hadi nane baadaye, kwa sababu kipimo cha mapema kinaweza kisionyeshe kitu.

Badala yake wapeleke Saanane, hifadhi ya taifa iliyo kisiwani, dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point. Wataona swala, na pimbi wakiota jua juu ya mawe. Hakikisheni kila mmoja amevaa jaketi la kujiokolea kabla boti haijaondoka. Mama asilazimishwe kupanda majabali. Atafutiwe kivuli karibu na maji apumzike.

Asubuhi moja nendeni mwaloni Kirumba. Shikeni watoto mkono, kwani wachukuzi hupita kwa kasi na magunia ya dagaa mabegani. Ukinunua sato mbichi, funua mashavu yake: yakiwa mekundu na jicho likiwa angavu, huyo ametoka majini punde.

Msafiri wa Kanda ya Ziwa:
Naunga mkono, na ninaongeza Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Kisesa, ambako watoto watajifunza mengi kuhusu ngoma na watemi.

Kwa Bukoba, MV Victoria, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, husafiri usiku kucha, lakini haiondoki kila siku. Kwa hiyo ulizia ratiba bandarini kabla ya kupanga siku zako, na umkatie mama chumba cha kulala, kwani kukaa kitini hadi alfajiri kutamuumiza magoti. Mkikosa nafasi, basi si mbaya: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, ile foleni ya kusubiri kivuko haipo tena.

Mkazi wa Temeke:
Asanteni sana. Kesho namtuma ndugu aliyeko Mwanza aulizie vyumba vya meli, na suala la kuogelea nitawaeleza watoto mapema, tungali nyumbani.