Punje za laktesi zinachoka mapema: kimeng'enya kinakufa au kinatoroka?

Mchujaji:
Wakuu, heshima kwenu. Nimefungia laktesi (kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kuvunjika kwa laktosi) ndani ya punje za alginati, jeli ya mwani, ili nivunje laktosi, sukari ya maziwa, kwa nyuzi 37. Mara ya kwanza kazi ilikwenda vizuri sana. Mara ya nne imebaki nusu. Punje zilizokuwa zikidunda mezani sasa zimevimba, nikizibonyeza zinapondeka kidoleni kama ute. Kila nikimaliza naziosha kwa bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi), pH 7. Nimeshusha joto hadi 30, hakuna nafuu. Ni joto linaloua kimeng'enya au kuna kingine? Wiki ya tatu hii, naombeni msaada.

Pima_Kwanza:
Mkuu, punje zenyewe zimeshakujibu. Joto likiua kimeng'enya, punje haivimbi. Alginati inashikana kwa sababu ya kalsiamu. Chumvi za fosfeti na sitreti za kwenye maziwa zinainyang'anya kalsiamu hiyo, punje inalegea, laktesi inapata mwanya. Halafu unakuja kuziosha kwa fosfeti tena! Acha bafa hiyo leo leo.

Kabla hujabadilisha kingine chochote: katikati ya kazi, chuja punje zote, maziwa yarudishe kwenye nyuzi 37, upime glukosi, sukari inayotoka laktosi ikivunjika, kila dakika kumi. Ikisimama, laktesi imo ndani ya punje. Ikizidi kupanda, imetoka.

Mlinzi wa Tangi:
Nimesimamia kwa miaka matangi ya isomerezi ya glukosi, kimeng'enya kinachogeuza glukosi kuwa fruktosi. Huko kalsiamu ni adui, inakikaba kimeng'enya. Tulikuwa tunaiondoa kwanza kisha tunaweka magnesiamu. Kwako kalsiamu hiyo hiyo ndiyo inayoshikilia nyumba, yaani punje. Kwa hiyo ndugu yangu, dawa ya kimeng'enya kimoja usikipe kingine bila kupima.

Na hili nalisisitiza kwa sababu limewapotosha wengi. Ukishindilia kimeng'enya kingi mno, laktosi inaliwa karibu na ngozi ya punje, haifiki katikati. Cha nje kikifa, cha ndani kinashika zamu. Grafu inanyooka mizunguko kadhaa, unaamini umepata uthabiti, kumbe unakula akiba. Siku akiba hiyo ikiisha, kazi inaporomoka. Kila baada ya mzunguko yeyusha punje chache kwenye sitreti, upime kimeng'enya kilichobaki ndani. Kipimo cha maziwa peke yake hakitakuonyesha hilo.

Mchujaji:
Nimerudi. Nimechuja punje, na nusu saa baadaye glukosi ilikuwa bado inapanda. Yaani laktesi ilikuwa inatoka muda wote, nami naitoa pamoja na maziwa. Nahamia punje za kitosani (inayotokana na magamba ya kamba na kaa), niziunganishe na kimeng'enya kwa glutaraldehaidi, kemikali ya kuunganisha.

Pima_Kwanza:
Hapo sawa, fosfeti haitazilegeza. Ila glutaraldehaidi haichagui, inaweza kukishika kimeng'enya hata mahali pake pa kazi, kikabaki hapo bila faida. Anza na kiasi kidogo, ongeza polepole. Na mabaki yake yaoshe mpaka yaishe kabisa, haya ni maziwa ya watu kunywa.