Mtoto mwenye upele: arudishwe nyumbani au abaki darasani?

Mzazi, Kabare (karibu na Bukavu): Jumatatu mtoto wa dada yangu alirudishwa nyumbani saa mbili asubuhi, daftari mkononi. Mwalimu kaona vipele katikati ya vidole, kamwambia asirudi mpaka apone. Mimi napinga. Anayeambukizwa upele mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki nne hadi sita. Muda wote huo alikuwa amebanana na wenzake kwenye benchi moja, na usiku mkeka mmoja na ndugu zake watatu. Tumemfukuza mmoja, hao wengine je?

Mwalimu: Papa, usitulaumu bure. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Na mzazi wa mtoto asiye na upele naye ananigongea meza: "Mwanangu kautoa hapa!" Nifanyeje?

Muuguzi: Kukaa nyumbani hakuponyi kitu. Dawa ya upele, benzili benzoati, inapakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, watu wa nyumba nzima, usiku uleule mmoja, hata asiyejikuna. Nimemwona mama akipaka vidole tu, tone kwa tone, kwa sababu chupa ni moja na watoto ni sita. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, au yafungwe kwenye mfuko siku tatu, vidudu vinavyoleta upele vife. Halafu mjue: hata vikishakufa, ngozi inaweza kuwasha wiki kadhaa. Ukisema mtoto asirudi mpaka aache kujikuna, umemnyang'anya mwezi mzima.

Mzazi: Ndiyo hayo! OMS, Shirika la Afya Duniani, iliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Kule Fiji waligawa vidonge vya ivermektini visiwani, wenye upele wakashuka kutoka zaidi ya 30 kwa 100 hadi chini ya 2, kwa mwaka mmoja. Ni dawa ileile inayogawiwa huku Kongo dhidi ya usubi, ule ugonjwa unaopofusha macho. Si mageni.

Muuguzi: Si kwa wote, Papa. Mtoto wa chini ya kilo 15 hapewi, anapakwa.

Mwalimu: Vidonge vya Fiji sinavyo. Kesho asubuhi huyu wa benchi la mbele nimwambieje?

Muuguzi: Wapakwe leo usiku, wote. Kesho aje.

Mwalimu: Na chupa nani ananunua? Komite ya wazazi inakaa Jumamosi. Basi nitapeleka orodha ya nyumba, si ya watoto.