Tufani ikikaribia Tanga, mashine ya nje ya AC ifunikwe au iachwe?

MtotoWaSahare:
Wakuu, habari za leo. Wazazi wangu wanakaa Sahare, Tanga. Mimi niko Dar. Wana AC mbili, ya chumbani kwao na ya sebuleni. Baba ana presha na joto la Februari linamtesa, kwa hiyo kwetu AC si anasa. Tangu kimbunga Hidaya kipige Mafia tarehe 4 Mei 2024, kila TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitoa tahadhari ya upepo mama ananipigia: tuzime? tufunike? Sasa fundi mmoja amewaambia waizungushie nailoni mashine ya nje masika yote huku wakiendelea kuitumia. Roho yangu inasita. Nyie wa pwani mnafanyaje?

FundiBaridi_Chumbageni:
Mdogo wangu, hiyo nailoni itoke leo. Mashine ya nje kazi yake ni kutupa joto la chumbani. Ukiizibia hewa, presha ya gesi inapanda, kompresa (pampu inayosukuma gesi) inachemka, mwisho inakufa. Mvua haiisumbui, imetengenezwa inyeshewe. Na upepo ukija kweli, nailoni itashika upepo kama tanga la jahazi na kuvuta mashine pamoja na vyuma vyake.

Hapo kwenye vyuma soma polepole. Nyumba za Sahare na Raskazone zinakula chumvi mwaka mzima. Vyuma vinavyobeba mashine vinaoza kwenye pembe na pale bolti inapoingia ukutani, wakati rangi ya juu bado inang'aa. Fundi apande ngazi, aishike mashine, aitikise. Ikicheza, au tofali limeanza kumeguka kwenye tundu, ashushe kila kitu, atoboe pengine, aweke vyuma vilivyochovywa zinki na bolti zisizoshika kutu. Mashine hizi nyingi ni kilo 20 na kuendelea. Ikiachia juu ya dirisha ambalo wajukuu wanapita chini yake, sitaki hata kufikiria. Kama hela ni ya kazi moja tu mwaka huu, iwe hii.

Chumvi ioshwe kwa maji baridi ya bomba, taratibu, umeme ukiwa umezimwa. Ile pampu ya kuoshea magari inalaza vibati vya alumini, hewa haipiti tena.

Siku ya upepo mzee azime kwenye sakiti breka. Rimoti haitoshi, bodi ya elektroniki ndani ya AC inabaki na umeme. AC nyingi ninazoletewa baada ya mvua kubwa hazikuuawa na upepo, zimeuawa na umeme unaorudi: unakuja, unakatika, unakuja tena na volti za juu. Ukirudi, wasubiri kwanza utulie. Kompresa nayo inataka dakika 3 hadi 5 presha ya gesi isawazike kabla ya kuwaka. Wanunulie kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha, ila kiwe cha saizi ya AC. Cha friji kitaungua.

MamaDunda:
Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Wapo wanaosema vimbunga ni vya Msumbiji na Lindi tu. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga Zanzibar na hapa kwetu. Mikarafuu ya Unguja iling'olewa, na misheni ya Bagamoyo iliharibiwa. Ni nadra, lakini mama yako hana wasiwasi wa bure.

Kaka yangu yuko Florida, msimu wao ni 1 Juni hadi 30 Novemba. AC yao ni moja ya nyumba nzima, na wakati wa baridi hiyohiyo inapasha joto. Imekaa chini juu ya zege, imefungwa kwa mikanda ya chuma. Tufani ikikaribia wanapoza nyumba kuliko kawaida, halafu wanazima. Nyumba yenye dari na madirisha yanayofunga vizuri inashika ubaridi saa kadhaa, baba atapumzika. Ya bati tupu, msijisumbue.

MtotoWaSahare:
Shikamoo mama, shikamoo fundi. Nimeshampigia mama, nailoni inatolewa. Ila mashine ya sebuleni iko chini kabisa, na uani maji hutuama.

FundiBaridi_Chumbageni:
Marahaba. Hiyo inyanyuliwe kabla ya Machi, ipite alama ya maji ya juu kabisa ambayo mzee amewahi kuyaona hapo uani. Yeye ndiye anayejua kuliko fundi yeyote. Maji yakiwahi kuifikia, wasiiwashe hata ikionekana kavu. Ifunguliwe, ikaushwe, nyaya zipimwe.

Nimesahau ule mpira wa kutolea maji. Nyigu hujenga udongo humo, na masika hewa ikiwa na unyevu mwingi maji yanarudi ndani kupitia ukutani. Upulizwe.

Fundi akishapanda ngazi, apige picha za bolti kwa karibu, uziweke hapa. Nitakuambia kama zinafaa kubaki.