Wakuu mafaili yote kwenye laptopu yamebadilika jina hayafunguki, nifomati au nisifomati?

Kijana wa Msamvu
Wakuu habari za jioni, mwenzenu nimekwama naomba msaada wa haraka. Laptopu ya nyumbani, Windows 10, tangu juzi usiku mafaili yote, picha, Word, Excel, video, kila kitu kimeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina na ukibonyeza hakifunguki. Nimejaribu kuzifuta zile herufi nikarudisha jina la zamani inaniambia faili limeharibika. Nimezima nimewasha mara tano sita, wapi. Swali langu ni moja tu, nikifomati mafaili yatarudi au ndo nimeyazika? Wajibu wanaojua tu tafadhali, kuna kitu natakiwa kukikabidhi kabla ya tarehe 13.

ngosha_wa_kirumba
Siti ya mbele na karanga zangu.

FundiFlashi
Ndogo sana hiyo mkuu. Fungua cmd andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu enta, hiyo E ni herufi ya flashi yako. Mafaili yanarudi yote hapo hapo. Mimi nina steshenari huku Mbagala Rangi Tatu, msimu wa ripoti za field wanafunzi wanakuja na flashi zimejaa shotikati tupu wanalia, nawafanyia hiyo buku mbili tu kichwa. Kuna dada mmoja alikuja na riseachi yake ya miaka mitatu akanishukuru mpaka akanitumia kuku kutoka Singida.

mchongoma
@FundiFlashi umemsoma lakini? Hiyo komandi ni ya vairasi wa shotikati, yule anaficha mafaili kwenye flashi. Huyu mafaili anayaona, hayafunguki tu. Mleta uzi, angalia kwenye folda zako, kuna faili la maandishi ya Kiingereza ambalo hukuliweka wewe?

Kijana wa Msamvu
Lipo, linaitwa _readme.txt, liko kila folda. Sikulitilia maanani.

mchongoma
Hukulitilia maanani au hukutaka kulisema? Linadai nini?

Kijana wa Msamvu
Linadai hela mkuu. Dola 980, ila ukiwahi ndani ya masaa 72 wanapunguza inakuwa 490. Sikuandika mwanzoni maana najua humu watu wangeanza kunicheka badala ya kunisaidia.

ngosha_wa_kirumba
Yaani wezi wana ofa kabisa kama sikukuu. Milioni na ushee hiyo ndo bei ya ofa!

mchongoma
Sasa tunaelewana. USIFOMATI kwanza. Huyo anaitwa STOP, wengine wanamwita Djvu, ni mdudu wa watu wa nyumbani kabisa, makampuni hawasumbui sana. Amefunga mafaili kwa ufunguo, hajayaficha, kwa hiyo kubadilisha jina hakusaidii kitu, ni sawa na kupaka rangi mlango uliofungwa. Fanya hivi: toa intaneti, chomoa flashi na eksteno zote zilizokuwa zimechomekwa (na zenyewe zikague, akikuta imechomekwa anakula na humo). Tafuta diski nyingine, nakili yale mafaili yaliyofungwa pamoja na hiyo _readme.txt uweke pembeni. Ufunguo ukipatikana mwakani na wewe ulishafuta, utafungua nini? Ukishanakili ndo ufomati uweke Windows upya.
Halafu kitu ambacho watu hawaambiwi: huyu mdudu mara nyingi anakuja na mwenzake anayeiba paswedi zilizosevu kwenye brauza. Kwa hiyo badilisha paswedi za imeili na kila kitu, na ubadilishe kwa SIMU, usibadilishe kwa hiyo laptopu.
Swali: siku hiyo uliingiza nini?

Kijana wa Msamvu
Sikuingiza kitu mkuu. Labda watoto, huwa wanachezea magemu.

Binti Kisauni
Watoto wenyu wanajua kuzima antivairasi? Maana Defender ya Windows ingemshika huyo, mdudu wa kitambo sana. Mimi niko Mombasa, wangu ana miaka minane, anajua YouTube pekee.

Kijana wa Msamvu
Sawa, ngoja niseme. Nilidaunilodi programu ya kuediti video, ya bure. Yaani kraki, programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Kwenye maelekezo walisema uzime antivairasi kwanza la sivyo itaikataa, nikazima. Ikatokea skrini ya apudeti ya Windows inahesabu asilimia, nikasema acha imalize, nikaenda kula. Kurudi ndo nikakuta hivyo. Lakini wakuu tusidanganyane, naediti harusi na kipaimara, nalipwa laki moja na nusu tena kwa kudai, nitalipia wapi laiseni ya dola kila mwezi? Kila mtu mjini anatumia kraki, tatizo langu mimi ni bahati tu.

mchongoma
Hiyo apudeti ilikuwa feki. Alikuwa anakuzuga wakati anafunga mafaili.

Mwl Mstaafu
Kijana umekwenda kuiba umeibiwa, sasa unalia nini? Sisi enzi zetu ukichukua cha mtu bila ruhusa ulirudisha na fimbo juu. Kizazi hiki mnataka vya bure kila kitu, mnazima hata mlinzi wa mlango ili mwizi apite vizuri. Ungekuwa mwanangu ningekuacha ulipe hizo dola ujifunze.

Kaka Penguini
Hamia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Kuna programu za kuediti video za bure kabisa na za halali. Mimi sijaona vairasi tangu 2016.

ngosha_wa_kirumba
@Kaka Penguini hujaona vairasi wala hujaona printa ikikubali.

FundiFlashi
Ila na mimi niseme, 2017 ile mwezi wa tano WannaCry, vairasi mwingine wa kufunga mafaili na kudai hela, ilivyotangazwa kwenye redio nilifunga steshenari siku mbili nzima nikachomoa waya zote mpaka wa friji. Mke akaniuliza friji ina vairasi gani. Tokea siku hiyo apudeti sizizimi, bando liishe likiisha.

Mama Sauda
Mimi ya kompyuta siyajui ila nina swali. Mleta uzi, tarehe 13 unakabidhi nini? Maana harusi mtu anasema harusi, hasemi "kitu".

Kijana wa Msamvu
Dada yangu hilo halihusiani.

Mama Sauda
Linahusiana, ndo maana hukulisema.

Kijana wa Msamvu
Haya. Laptopu ni ya wife. Yeye ni katibu wa kikoba, wako 28, tarehe 13 ndo wanavunja na kugawana. Hesabu zote za mwaka ziko kwenye Excel humo, hisa, mikopo, jamii, faini. Yeye yuko Ifakara kwa mama yake mgonjwa anarudi wiki ijayo. Hajui. Na msianze kuniambia nimwambie, nilishapata ufumbuzi, nilitaka tu kuhakikisha na nyie kama nifomati baada ya hapo.

mchongoma
Ufumbuzi gani?

Kijana wa Msamvu
Kuna mtaalamu nilimpata kwenye koment za video moja inayoelezea huyu vairasi. Anataka laki tatu na nusu. Nimeshamrushia laki na themanini, inayobaki akimaliza. Na kabla hamjasema tapeli, nilimtumia faili moja akanirudishia LIMEFUNGUKA, picha ya mwanangu, nimeiona kwa macho yangu. Tapeli gani anafanya kazi kwanza?

Binti Kisauni
Pole, laki na themanini ndiyo hiyo imeenda.

mchongoma
Mkuu isome tena hiyo _readme yako. Wezi wenyewe wanasema tuma faili moja tutakufungulia bure kama ushahidi. Huyo "mtaalamu" alichofanya ni kulichukua faili lako na namba ya utambulisho iliyo kwenye hiyo _readme akawatumia wezi, wakamfungulia bure, akakurudishia wewe. Hana ufunguo wowote, ni dalali wa wezi, au ni mwizi mwenyewe. Muombe akufungulie la pili uone.

Kijana wa Msamvu
Nimemuomba. Anasema nimalizie kwanza hela.

Salma Shuhuda22
Jamani msimkatishe tamaa, mimi pia ilinitokea mafaili yangu ya ofisi yote nikasaidiwa na mtaalamu fulani kwa bei nafuu sana ndani ya saa moja. Anayetaka namba aje inbox, Mungu ambariki sana.

Mpimaji
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila sasa basi. Salma kajiunga leo saa tisa, posti yake ya kwanza ndo hiyo. Na huyu mleta uzi naye tangu mwanzo simwelewi. Mara kafanya mtoto, mara yeye. Mara laptopu ya nyumbani, mara ya mke. Mara hana hela ya laiseni, mara ana laki na themanini ya kumrushia mtu asiyemjua. Hii ni chai wakuu, tena ya rangi. Huo ndo mtindo wao, mmoja analeta kilio, mwingine anakuja kushuhudia, mwishoni namba ya simu. Kesho humu watu watatu watakuwa wameliwa. Modi funga uzi.

ngosha_wa_kirumba
Nilijua. Mke yuko Ifakara, mama mgonjwa, kikoba tarehe 13, hii ni tamthilia ya saa moja usiku. Hata karanga zimeisha.

Mwl Mstaafu
Mimi nimempa nasaha zangu bure kumbe nazungumza na matapeli.

Kijana wa Msamvu
Wallahi sio chai. Huyo Salma simjui hata kidogo! Hela niliitoa kwenye ada ya mtoto, mnataka niseme na hilo, nimesema. Mniambie niweke nini mniamini.

mchongoma
Hamna haja ya kuapa. Mwisho wa _readme kuna mstari mrefu wa herufi na namba, ndo utambulisho wako. Weka picha, ziba katikati, nataka herufi mbili za mwisho tu. Na picha ya folda moja.

Kijana wa Msamvu
[picha] [picha] Mwisho imeandikwa t1.

mchongoma
Hebu subiri. t1? Siku unaingiza hiyo kraki laptopu ilikuwa na intaneti?

Kijana wa Msamvu
Nilikuwa natumia hotspoti ya simu. Bando lilikata nikiwa nimeshadaunilodi, nikasema nitaunga kesho.

mchongoma
Lishukuru hilo bando. @Mpimaji punguza kidogo, hii mtu hawezi kuitunga kama hajui anachotunga. Iko hivi: huyu mdudu akipata intaneti anaomba ufunguo kwa wakubwa zake, unakuwa wa kwako peke yako, hapo hata malaika hakusaidii. Akikosa intaneti anatumia ufunguo aliokuja nao mfukoni, na huo ni mmoja kwa wote walioliwa na toleo hilo bila mtandao. Ikiishia t1 mara nyingi ni huo wa mfukoni. Akitokea mmoja duniani akaulipia na akautoa, mnafunguka wote. Emsisoft, kampuni ya antivairasi, walitoa programu ya bure ya kufungulia Oktoba 2019, ipo pia No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za antivairasi. Ipakue kwa kompyuta nyingine, huyu mdudu huwa anaziba tovuti za usalama kwenye faili la hosts, lile linaloielekeza kompyuta tovuti iko wapi, unaweza kudhani mtandao ndo mbovu. Kuwa na subira, inategemea ufunguo wa toleo lako wanao au bado.

Mpimaji
Sawa, kwa mleta uzi narudisha maneno. Kwa Salma siyarudishi.

*[Akaunti ya Salma Shuhuda22 imefungiwa na modi]*

Kijana wa Msamvu
Mrejesho. Nimeenda kafe, nimeipakua nikaiendesha. Inasema utambulisho ni wa nje ya mtandao, ufunguo hawana kwa sasa, huenda ikawezekana baadaye. Baadaye lini wakuu? Leo tarehe 6.

mchongoma
Hakuna ajuaye, inaweza kuwa mwezi inaweza kuwa isitokee. Yatunze tu. Kidogo cha kukufariji, huyo anafunga kama KB 150 za mwanzo tu za kila faili, kwa hiyo zile video ndefu za harusi kuna programu za kuzikarabati, nyingi zitacheza. Excel ya kikoba ndo ndogo, imeliwa nzima.

Kijana wa Msamvu
Yaani harusi za watu zimepona, kikoba kimekufa. Ingekuwa kinyume chake.

Mama Sauda
Sasa mimi niongee maana nimekuwa katibu wa kikoba miaka sita na hiyo kompyuta yenu sijawahi kuigusa. Kila mwanakikoba ana kitabu chake, hisa zimegongwa mihuri humo, mkopo umeandikwa na saini. Kusanya vitabu 28, keti na kalamu, siku mbili hesabu zote zimerudi. Na mkeo hakuwahi kutuma hiyo Excel kwenye grupu la WhatsApp? Sisi katibu wetu mpya anatutumia kila mwezi mpaka inakera.

Kijana wa Msamvu
ALITUMA! Nimekumbuka, alinitumia na mimi nimprintie. Ngoja... ipo, ya mwezi wa tisa, imefunguka kwenye simu. Imebaki miezi miwili na nusu.

Binti Kisauni
Unaona sasa, bakapu ilikuwa mfukoni mwako. Ukimaliza kuweka Windows mpya washa ile ya kulinda folda ndani ya Defender, inazuia programu geni kugusa mafaili, huwa imezimwa. Na ununue flashi ya kikoba, ukishanakili unaichomoa, usiiache imechomekwa.

Mama Sauda
Hiyo miezi miwili na nusu ndo utaipata kwenye vitabu. Mpigie mwenyekiti leo.

Kijana wa Msamvu
Mwenyekiti ni dada yake wife, tumbo moja. Hakuna namna ya kuvipata hivyo vitabu bila kupitia kwake?

ngosha_wa_kirumba
Naenda kununua karanga nyingine.