Kwa nini bloku za Bitcoin hazikupanuliwa tu?

Fundi simu, Kondele, Kisumu
Hamjambo wanajukwaa. Juzi mteja alitaka kunilipa shilingi 600 kwa Bitcoin baada ya kumbadilishia kioo cha simu, lakini pochi yake ilipoonyesha ada iliyokaribia nusu ya deni, ikabidi alipe taslimu. Ninaelewa kwamba bloku, yaani fungu la miamala linaloandikwa kwa pamoja, hupatikana kwa wastani wa dakika 10, na kwamba kikomo cha megabaiti 1 kwa kila bloku kiliwekwa na Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, mwaka 2010. Msongamano wa miamala ulipoonekana na ada kupanda, ni nini kilichozuia kikomo hicho kuongezwa?

Mwenye nodi, Nakuru
Ndugu, kuibadilisha namba hiyo katika programu ni kazi ya dakika chache; kazi ngumu ni kupata ridhaa ya wenye nodi, yaani kompyuta zinazokagua miamala na bloku, kwa kuwa nodi zisizokubali kanuni mpya huzikataa bloku kubwa, na mtandao hugawanyika. Nodi yangu iko kwenye kompyuta kuukuu ya mezani. Kupakua na kukagua miamala yote tangu 2009 kulinichukua siku kumi na moja, umeme ukipotea na kurudi. Bloku zikiongezwa mara nane, watu kama mimi tutashindwa, na ukaguzi utabaki mikononi mwa wenye seva kubwa. Kwa sababu hiyo niliunga mkono SegWit, badiliko la kanuni za Bitcoin lililoanza kutumika Agosti 2017: liliongeza nafasi ya miamala bila kuziacha nje nodi za zamani.

Mwalimu, Webuye
Hoja hiyo ina uzito, ila inamsahau mwenye deni la shilingi 600. Nodi itamfaa nini mtu asiyemudu kutuma hata muamala mmoja? Waliotaka bloku kubwa walijitenga tarehe 1 Agosti 2017 kwa Bitcoin Cash, sarafu yao tofauti, wakaanza na megabaiti 8 na mwaka uliofuata wakafika 32. Ninakiri kwamba nao waligawanyika Novemba 2018, jambo lililonihuzunisha sana.

Mwenye nodi, Nakuru
Mwalimu, simsahau. Kwa malipo madogo kuna Lightning, mtandao wa malipo uliojengwa juu ya Bitcoin, ambapo wawili huweka fedha kwenye njia ya pamoja, wakalipana mara nyingi, na kwa kawaida mnyororo wa bloku huandika kufunguliwa na kufungwa kwake tu. Kasoro ni kwamba kuifungua kunatozwa ada ileile, na hupokei chochote mpaka upande wa pili uwe na salio.

Fundi simu, Kondele, Kisumu
Basi hilo la salio ndilo nitakaloulizia kwanza kabla ya kumkubalia mteja mwingine.