Tupeane uzoefu: vitabu vya mama na familia, unakipimaje kabla ya kukichukua?

Mwanzisha uzi
Wadau, swali la "nitajieni kitabu kizuri cha mama mjamzito" au "mwanangu ana miaka 4, nimsomee nini?" halikauki, na majina yanayotajwa mara nyingi hayapatikani kila mahali. Tufanye tofauti. Anayeijua kazi hii aseme anakipima vipi kitabu kikiwa mkononi: cha kichanga, cha anayeanza kusoma, cha mama mwenyewe. Visa vya nyumbani tuviache, tupeane vipimo.

Mkutubi wa watoto
Nianze na kichanga. Mtoto wa wiki za mwanzo huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, na jicho lake huvutwa na weusi juu ya weupe kuliko rangi zilizopoa. Kitabu chake kiwe na umbo moja kubwa kwa kila ukurasa. Yale mandhari ya rangi laini yenye vitu ishirini yanamfurahisha mnunuzi tu.

Akifika miezi 4 hadi 6 kitabu kinaenda mdomoni. Tafuta kadibodi nene yenye pembe za mviringo. Kama kuna manyoya, vifungo au vipande vilivyobandikwa, vivute kwa kucha, maana kinachobanduka kwa kucha kitabanduka na kumezwa. Akikaribia mwaka atataka kufunua mwenyewe, na hapo kadibodi ina faida nyingine: kurasa hushikika moja moja, hata kwa vidole visivyotulia.

Miaka 2 hadi 5 ndipo watu wanapokosea kuchagua. Wanasoma maneno tu, michoro hawaikagui. Funika maandishi kwa kiganja, tazama mchoro, kisha jiulize unaweza kuuliza maswali mangapi. Kama mchoro unarudia tu kile sentensi inachosema (sentensi "Juma ana mpira", mchoro Juma na mpira, basi), kitabu kitakwisha utamu siku ya pili. Kizuri ni kile ambacho pembeni mwa mchoro kuna paka anayeiba kitu na maandishi hayamtaji kabisa.

Na mtoto aking'ang'ania kitabu kilekile, usimnyime. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex wa mwaka 2011 kwa watoto wa miaka 3 ulionyesha kwamba waliosomewa hadithi zilezile kwa kurudia walishika maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliobadilishiwa hadithi kila mara.

Mwalimu wa darasa la kwanza
Namuunga mkono mkutubi. Niongeze kuhusu namna ya kusoma, kwa sababu kitabu kizuri kikisomwa kama tangazo la redioni hakimfaidi mtoto. Kuna mbinu ya mwanasaikolojia wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake, utafiti wao wa kwanza ulitoka 1988, na ina hatua nne: muulize, lipime jibu lake, liongezee, mwache alirudie. Kwa mfano:

– Huyu nani?
– Paka.
– Eeh, paka mweusi, tena amelala. Hebu sema nawe.
– Paka mweusi amelala.

Basi, funua ukurasa. Usiulize kila ukurasa, hadithi itakatikakatika na mtoto atakimbia. Maswali matatu au manne kwa kitabu kizima yanatosha. Mara ya kwanza soma moja kwa moja bila kuuliza kitu.

Kwa anayeanza kusoma mwenyewe, wengi mnajua kipimo cha vidole vitano: fungua ukurasa wa katikati, mtoto akikwama neno akunje kidole. Vikifika vitano, kitabu kimemzidi. Kwa Kiswahili kipimo hiki kina tundu. Mtoto aliyeshika silabi atalitamka karibu neno lolote bila kukwama, hata asilolielewa hata chembe. Kwa hiyo akunje kidole pia kwa neno asiloweza kukueleza maana yake. Halafu hesabu silabi: "atakapomrudishia" ina silabi tisa, na kwa mtoto anayesoma kwa kuunganisha, akifika mwisho wa neno ameshasahau mwanzo. Kitabu cha hatua ya kwanza kiwe na maneno ya silabi mbili hadi nne, sentensi moja kwa mstari, na sentensi isikatwe katikati ikahamia ukurasa wa pili. Angalia pia ritifaa, ile alama ya juu kwenye "ng'ombe". Kitabu kinachoandika "ngombe" bila alama kinamfundisha kosa ambalo utahangaika nalo muda mrefu.

Msomaji prufu
Hapo kwa ritifaa umenigusa, mwalimu. Vitabu vya kutafsiriwa vipimwe kwa njia rahisi: soma kurasa mbili kwa sauti, pale pale uliposimama. Tazama wanyama. Ukiona "tembo ilikuja ikakaa", kirudishe. Tembo "alikuja akakaa". Aliyeshindwa na hilo ameshindwa na mengi mengine humo ndani. Vitabu vya mashairi vilivyotafsiriwa ndivyo hatari kuliko vyote, vina vyake vimepotea na mizani imevunjika. Kama ulimi wako unajikwaa mara tatu kwenye ubeti mmoja, mtoto hatapata mdundo wowote.

Mkunga
Mmemsahau mama. Kwenye vitabu vya ujauzito na malezi mimi nafungua ukurasa wa haki miliki kwanza, jalada baadaye. Tofautisheni "toleo lililopitiwa upya" na "kimechapishwa tena". Kitabu kinaweza kuonyesha mwaka wa juzi huku maneno yake ni ya 1988.

Mwaka una uzito kwa sababu ushauri umebadilika. Vitabu vya zamani humlaza mtoto kifudifudi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliacha hilo mwaka 1992, kikashauri chali au ubavu, na baadaye ubavu nao ukaondolewa, ukabaki mgongo pekee. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema maziwa ya mama peke yake miezi 4 hadi 6, na tangu 2001 linasema miezi 6 kamili. Vitabu vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 huagiza mtoto aliye kwenye hatari ya mzio asiguse karanga hadi miaka 3, lakini utafiti uliotoka 2015 ulionyesha kwamba kuanza mapema hupunguza mzio huo. Mtoto wa namna hiyo aanzishwe kwa kuongea na daktari, si kwa kitabu.

Ukishatazama mwaka, nenda kwenye faharasa nyuma, ile orodha ya mada na kurasa zake. Tafuta kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona maruweruwe, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kila kimoja kiwe na amri iliyo wazi ya kwenda hospitali mara moja. Ukikuta "pumzika uone" bila kingine, weka chini. Kitabu kisicho na faharasa kabisa hakimfai mtu anayetafuta jibu usiku wa manane.

Jambo la mwisho. Unyonge na machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua kwa kawaida hupoa ndani ya wiki 2. Kitabu kitaje mpaka huo na kiseme hali ikivuka hapo ni suala la matibabu. Vile vya "mama jitie moyo" vinavyoruka sehemu hii siviamini.

Mwanzisha uzi
Asante mkunga, hilo la toleo na kuchapishwa tena wengi hatulitazami. Na kwa familia isiyo na duka la vitabu karibu?

Fundi wa majalada
Chapeni wenyewe. African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za watoto za bure mtandaoni, za Kiswahili zimo, zimepangwa kwa ngazi. Soma leseni mwishoni mwa hadithi na usifute majina ya watunzi.

Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4. Hadithi ya kurasa 16 ni karatasi 4 za A4. Kwenye mipangilio ya printa chagua kijitabu, pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ukichagua upande mrefu, nyuma yote itatoka kichwa chini miguu juu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu karatasi. Jaribu karatasi moja kwanza.

Pini za stepla hufunguka na kumchoma mtoto, heri uzi. Kunja, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mawili sentimita 4 kutoka kila ncha. Uzi wa sentimita 60. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani itokee nje, panda hadi tundu la juu uingie ndani, shuka hadi tundu la chini ukiruka la kati, toka nje, rudi kati uingie ndani. Ncha mbili za uzi zikae kushoto na kulia kwa uzi mrefu, kisha funga fundo juu yake.

Mwalimu wa darasa la kwanza
Fundi, na kitabu kilichochanika au kulowa?

Fundi wa majalada
Kilichochanika, usipake selotepu ya kawaida. Baada ya muda hugeuka njano, gundi yake huvuja na kunasa ukurasa wa jirani. Tumia gundi nyeupe kidogo kwa brashi nyembamba kwenye kingo za mpasuko, weka karatasi ya nta juu na chini, gandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Ukurasa uliong'oka mzima upakwe mstari wa milimita 2 au 3 tu kwenye ukingo wa ndani, ukizidisha kitabu hakitafunguka tena.

Kilicholowa kisimamishwe wima, kurasa zikiwa zimepanuliwa kidogo, karatasi za kunyonya maji ziwekwe kila baada ya kurasa kadhaa na zibadilishwe zikilowa. Kivulini penye upepo, si juani, jua hukunja jalada. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48. Kama hupati nafasi leo, kitie kwenye mfuko wa plastiki ukiweke kwenye friza, utakikausha ukipata muda.